Nilikuwa Nasimama kwa Macho

Doa lilikuwa bafuni, ukutani, juu ya koki ya kujazia ndoo. Lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ukubwa wa kiganja, kwenye ukuta nilioupaka krimu mwaka niliostaafu. Kwa miezi mingi niliwalaumu wajukuu. Mmoja nilimfokea hadi akalia, na si mtoto wa kulialia. Siku nilipochukua sabuni na kitambaa nikalisugue, nikaona jambo ambalo mwalimu wa hesabu alipaswa kuliona mapema: doa lilikuwa usawa wa kifua changu, na mjukuu wangu mkubwa wakati huo hata kwenye sinki alikuwa hafiki. Nikaweka kiganja juu yake. Kikakaa kama mguu kwenye kiatu cha zamani.

Nina miaka 68. Nimefundisha shule za msingi hapa Tanga mjini miaka 38, na bafu lile nimelitumia tangu wanangu wadogo. Siku zote nimetawadha kwa kusimama, kopo mkono mmoja, mkono mwingine unasugua kati ya vidole vya mguu ulioinuliwa. Anayetawadha mara tano husimama kwa mguu mmoja mara kumi kila siku ya Mungu. Ungeniuliza siku moja kabla ya kulisugua lile doa, ningekuapia kwamba sishiki kitu. Kumbe kopo lilikuwa limeshahamia kumwagilia maua, na sikumbuki nililihamisha lini. Nilikuwa natawadha kwa koki, mkono wa kushoto ukisugua, wa kulia ukiwa ukutani.

Nikaanza kutafuta mengine. Fremu ya mlango wa jikoni ilikuwa na weusi upande mmoja tu, ule wa kutokea. Friji lilikuwa na alama za vidole pembeni, si kwenye mpini. Kwenye korido kati ya chumba changu na choo kulikuwa na mstari mrefu wa kijivu, mwembamba, kama uliopigwa kwa penseli na mtoto mtundu. Niliufuata kwa ncha za vidole, nikafika chooni bila kuangalia. Nyumba yangu ilikuwa imechorwa ramani, na mchoraji nilikuwa mimi.

Pamoja na hayo sikwenda hospitali. Nilichofanya ni kusugua kuta.

Wiki chache baadaye, alfajiri, nilikuwa nanawa uso. Nikageuka kuchukua taulo, na papo hapo umeme ukakatika. Sikukanyaga sabuni, sikujikwaa, sikusikia kizunguzungu. Giza liliingia tu, na mimi nikaanza kwenda nyuma polepole kama mlango usio na komeo. Nilikuwa na muda wa kutosha kuwaza "naanguka huyo" lakini si wa kutosha kupeleka mguu nyuma. Nikakalia ndoo ya maji, ndoo ikapasuka, nikaishia sakafuni. Mkono uliteguka, kiuno kiliuma wiki tatu, mfupa haukuvunjika.

Binti yangu alipokuja mbio na tochi ya simu, akaniuliza, "Mama, umefanyaje?" Nikamjibu bila kufikiri: "Nimeteleza."

Neno hilo limenikaa kooni tangu siku ile. Lugha yetu ina maneno mengi ya kuanguka: kuteleza, kujikwaa, kuserereka, kupepesuka, kupiga mweleka. Lakini mzee akianguka, mengi tunayaacha, tunachukua kuteleza au kujikwaa, yaani tunaisingizia sakafu, au kiatu, au jiwe. Kwa mtoto mchanga tuna neno zuri kabisa, dede. Mtoto anasimama dede, na kila mtu ndani ya nyumba anaacha kazi kumtazama, anapigiwa makofi, anahesabiwa. Kwa mtu anayeondoka kwenye kusimama hatuna neno wala hatumtazami. Tunasubiri ateleze.

Mama yangu "aliteleza" Pangani mwaka 1997, kwenye zile mvua za El Niño. Choo kilikuwa uani. Alitoka usiku, koroboi mkono huu na kopo mkono huu. Asubuhi kila aliyekuja kutupa pole alitazama ule uwanja wa tope akatikisa kichwa, na kesi ikaishia kwenye mvua. Nyonga ilivunjika. Hakuinuka tena, na Ramadhani iliyofuata hakuiona. Lakini nikikaa sasa nikikumbuka, miaka miwili kabla ya mvua ile alikuwa ameacha kusimama jikoni, anapika kakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi hata siku ambazo hakuna nazi. Alikuwa anatembea uani kwa kufuata ukuta. Alikuwa anaomba mtu amshike mkono kwenda msibani, na sisi tukiona ni mapenzi. Usiku ule ilinyesha kweli, sikatai. Ila mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika vitu, na hilo sikulielewa hadi kijana mmoja aliponieleza jinsi mimi mwenyewe ninavyosimama.

Kabla ya huyo kijana nilipita zahanati moja. Mkono ulifungwa bandeji, nikapewa dawa ya maumivu. Nilipojaribu kueleza kwamba nilianguka bila sababu, nikajibiwa, "Bibi, huo ni umri." Haikuwa kauli ya dharau. Lakini umri si ugonjwa wala si tiba, na mtu akikwambia ni umri amekwambia nenda nyumbani. Nikaenda. Binti yangu ndiye aliyekataa, akanipeleka hospitali kubwa, nikazungushwa nikazungushwa, hatimaye nikaangukia chumba cha fiziotherapia.

Kijana mwenyewe ni wa umri wa kitinda mimba wangu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Aliposikia nilikuwa mwalimu, nikawa Mwalimu moja kwa moja. Nilitegemea atanikandakanda kiuno. Badala yake akaniambia nisimame.

"Nimesimama, baba."

"Hapo umesimama, Mwalimu. Sasa unganisha miguu."

Sekunde 10 miguu imeungana, hakuna tabu. Kisha mguu mmoja mbele nusu, kidole gumba cha huu kikigusa ubavu wa kisigino cha ule. Nikayumba lakini nikafika. Kisha mguu mmoja mbele ya mwingine kabisa, kisigino kikigusa vidole, kama mtu anayetembea juu ya kamba. Nilipata sekunde 6. Akaniambia hapo ndipo penye mstari: anayeshindwa kufikisha 10 kwenye mkao ule yuko kwenye hatari ya kuanguka. Mguu mmoja sikutaka hata kujaribu, akasisitiza, nikapata 3 kulia na 2 kushoto. Mtu aliyekuwa akitawadha kwa mguu mmoja maisha yake yote.

Akarudi nyuma, miguu iungane tena, mkao ule rahisi wa mwanzo. "Sasa funga macho." Akasogea akakaa ubavuni kwangu, mikono yake karibu na mabega yangu bila kugusa. Nikafunga. Kwa sekunde moja mbili nilikuwa sawa. Halafu nikasikia vidole vya miguu vinachimba sakafu, vifundo vinatetemeka kama meza mbovu, na mwili wote unakwenda kulia. Nikafumbua macho kwa hofu. Kila kitu kikatulia hapohapo.

"Umeona?" akasema. "Wewe unasimama kwa macho."

Nikacheka, nikidhani ni maneno ya vijana. Hakucheka. Kipimo kile, akaniambia, ni cha zamani, kina jina la Moritz Romberg, daktari wa Berlin wa karne ya 19, aliyeona kwamba baadhi ya wagonjwa wake husimama vizuri mchana lakini wakifumba macho au giza likiingia, wanaanguka. Nikaikumbuka ndoo yangu.

Nimefundisha sayansi darasa la tano miaka mingi. Nimechora sikio ubaoni mara zisizo na hesabu, sikio la nje, la kati, la ndani, nikawaambia watoto waandike: kazi ya sikio ni kusikia na kusaidia mwili kuwa na mizani. Hiyo "kusaidia mwili kuwa na mizani" niliisema kama mtu anayesoma tangazo. Kijana yule alinieleza upya kwa dakika kumi, na nitayarudia hapa kwa maneno yangu.

Hakuna mtu anayesimama tuli. Mwili uliosimama ni kama fimbo ambayo mtoto ameisimamisha juu ya kiganja: haikai, inaokolewa. Kila wakati tunayumba kidogo mbele na nyuma, na misuli ya vigimbi inaturudisha kabla hatujajua. Ili ifanye kazi hiyo, ubongo unaletewa habari na watu watatu. Wa kwanza ni macho, yanayosema ukuta uko wapi na sakafu iko wapi. Wa pili ni sikio la ndani, lenye mifereji mitatu ya majimaji inayohisi kichwa kikigeuka, na vijiwe vidogo vinavyohisi kikiinama. Wa tatu ni miguu yenyewe, nyayo na viungo na misuli, inayosema uzito umelalia kisigino au vidole. Ujanani watatu hawa wote wanapiga kelele, hata mmoja akinyamaza wawili wanatosha. Ndiyo maana kijana anatembea gizani anapiga mluzi.

Umri ukienda, wanachoka, lakini hawachoki kwa pamoja. Vinywele vya ndani ya sikio vinapungua na havioti tena. Mishipa ya fahamu ya miguuni inapeleka habari polepole na chache, na mwenye sukari ndiye zaidi. Alinigusisha chuma chenye ncha mbili kama uma, kinachotetemeka, juu ya mfupa wa mkononi, nikausikia mtetemo hadi ukaisha. Akakiweka kwenye kidole gumba cha mguu. Nikamwambia hakijaanza. Akasema kimeanza zamani. Akakipiga tena mbele ya macho yangu ili nisimwone mwongo, akakirudisha. Niliona kinatetemeka. Sikusikia kitu.

Hapo nilinyamaza kwa muda. Mtu anajua kwamba macho yake yamepungua, kwa sababu anavaa miwani. Anajua masikio yamepungua, kwa sababu watu wanamkaripia. Nani anajua kwamba nyayo zake zimepungua kusikia? Zilikuwa zimeniacha, na ubongo wangu, bila kunishauri, ulikuwa umeihamishia kazi yao kwa macho. Ukipiga hesabu, ni uamuzi wa busara. Shida yake ni moja: macho yanategemea umeme wa watu wengine.

Nikamuuliza kuhusu kuta. Nilikuwa naona haya, lakini nikamweleza doa, friji, mstari wa korido. Nikamwambia labda nimekuwa mzito, naziegemea. Akanirudisha kwenye mkao ule wa kuunganisha miguu, macho nifumbe, lakini safari hii niguse meza kwa ncha ya kidole cha shahada. "Usiegemee. Gusa kama unaangalia vumbi." Nikagusa. Wallahi sikuyumba. Nilisimama kama nguzo, macho yamefungwa, kwa kidole kimoja.

Kidole hakikuwa kimenibeba. Watafiti wa Marekani waliupima mguso wa namna hiyo miaka ya 1990, wakaona hata mguso usiofika uzito wa gramu 100, ambao hauwezi kumzuia mtu kuanguka, unapunguza kuyumba. Kidole kinapeleka habari. Ni mjumbe wa nne, anayeitwa wale wengine wakinyamaza. Basi zile kuta zilikuwa hazinishiki, zilikuwa zinanieleza nilipo. Na marehemu mama yangu, koroboi mkono huu na kopo mkono huu, alitoka kwenye giza la mvua bila mtu wa kumweleza.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili nalileta hapa kwa sababu wenzangu wengi wanalo na hawajapimwa. Alinilaza kitandani dakika tano, akapima presha: 152 ya juu. Akanisimamisha, baada ya dakika moja akapima tena: 126. Ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama, ni tatizo. Damu inabaki miguuni na kichwa kinaachwa. Mimi naenda kliniki ya presha miaka mingi, na kila mara napimwa nimekaa. Nilirudishwa kwa daktari, akataka kuona dawa zote. Nikamwaga mkoba mezani. Akazichambua, akasimama kwenye zile za usingizi nilizokuwa nikijinunulia duka la dawa tangu mume wangu afariki. Alinipunguzia taratibu, maana dawa za aina ile haziachwi ghafla, akapanga upya na za presha. Usingizi ulikuwa mbaya miezi miwili. Sasa nalala kama mzee yeyote, vipande vipande, lakini nikiamka saa nane usiku naamka na akili zangu.

Mazoezi yenyewe hayana maajabu, na nadhani ndiyo sababu watu wanayaacha. Nilipewa manne, yote ya kufanyia jikoni, mbele ya sinki, ili pa kushika pawe karibu. Kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono, mara 10. Kusimama kwa ncha za vidole na kushuka polepole. Kutembea kisigino kwa kidole kwenye mstari wa vigae. Na kusimama kwa mguu mmoja, kwanza mikono miwili kwenye sinki, kisha mmoja, kisha kidole, kisha bila kitu. Kufumba macho ni baadaye kabisa, na ni kwenye kona tu, kuta mbili nyuma na kiti mbele, na mtu mzima yupo ndani.

Wiki ya kwanza vigimbi viliniuma kama mtu aliyepanda Usambara kwa miguu. Wiki ya tatu nilikata tamaa, kwa sababu hakuna kilichobadilika, na nikamwambia kijana hivyo. Akaniuliza, "Mwalimu, mtoto wa darasa la kwanza ulimfundisha kusoma wiki tatu?" Nilitaka kumjibu kwamba wapo waliosoma kwa wiki tatu. Sikumjibu. Mjukuu yuleyule niliyemfokea ndiye akawa mhesabuji wangu, amekaa juu ya meza, miguu inaning'inia, anahesabu sekunde kwa sauti ya shule. Anaiba. Akiona nayumba anaharakisha, "tano-sita-saba-nane", ili nipate nyingi. Ikabidi nitumie saa ya ukutani. Miezi minne baadaye nilipata 11 kulia na 7 kushoto, kwa saa ya ukutani.

Katikati ya hayo ukaja ule ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la familia, na bila shaka umeuona: ukishindwa kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10, umebakiza miaka michache. Shemeji yangu aliutuma na alama tatu za fuvu. Nusu ya wazee wa ukoo walisimama mguu mmoja usiku ule, na ni Mungu tu aliyewanusuru. Nikautafuta utafiti wenyewe. Upo, ulitoka mwaka 2022, ulifanywa Brazil kwa watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75. Mmoja katika kila watano alishindwa sekunde 10, na kwa miaka 7 hivi waliyofuatiliwa, waliokufa miongoni mwa walioshindwa walikuwa wengi zaidi. Lakini walioshindwa ndio waliokuwa na sukari zaidi, unene zaidi na maradhi ya moyo zaidi. Mguu mmoja ni kengele, si bunduki. Kitu ambacho shemeji hakukituma ni hiki: kwenye kundi la miaka 51 hadi 55 walioshindwa ni kama 5 tu katika 100, na kwenye kundi la 71 hadi 75 ni zaidi ya nusu. Yaani kushindwa uzeeni ni jambo la wengi. Nikaandika hayo kwenye kundi, hakuna aliyejibu. Ujumbe wa kutisha husambazwa, wa kutuliza husomwa tu.

Utafiti mwingine, wa kliniki ya Mayo kule Marekani, uliotoka 2024, ulipima watu 40 waliopita miaka 50: jinsi wanavyotembea, nguvu ya mkono, nguvu ya goti, na kusimama. Kilichoporomoka haraka kuliko vyote ni kusimama kwa mguu mmoja, hasa ule usio wa nguvu, sekunde 2 na kitu kila miaka kumi. Nguvu ya mkono ilishuka pia, lakini polepole. Hii inaeleza kwa nini mtu anaweza kubeba ndoo ya maji vizuri kabisa na bado akaanguka nayo.

Na inaeleza baiskeli yangu. Tanga ni mji wa baiskeli, wanawake tunaendesha, na mimi nilikwenda kazini kwa baiskeli hadi siku ya kustaafu. Miaka mitano iliyopita nikaiacha. Sababu niliyowapa watu ni bodaboda, kwamba vijana wameharibu barabara. Ni kweli wameharibu. Lakini nikiwa mkweli, siku ya mwisho niliyoiendesha hapakuwa na bodaboda hata moja. Nilikuwa nimesimama kumsalimia mtu, mguu mmoja chini, na ule mguu ukakataa. Nikaishika nguzo ya umeme. Nikashuka, nikaikokota hadi nyumbani, nikaanza kuwasema bodaboda siku hiyohiyo.

Hofu nayo inahitaji kusemwa. Baada ya kuanguka nilikaa kama miezi miwili nikienda chooni na chumbani tu. Shoga yangu wa jirani alikuwa akinipitia twende vikobani, nikawa na udhuru kila wiki. Mtu anayeogopa kuanguka hukakamaa, anatembea kwa hatua fupi kama anakanyaga mayai, anaacha kutoka, miguu inazidi kulegea, na kuanguka kunakaribia. Huyohuyo shoga yangu sasa nimeanza kumtazama kwa jicho jingine. Tukiwa njiani nikimuuliza kitu, anasimama kabisa ndipo anijibu. Zamani nilidhani ni madaha ya kusimulia. Lakini watafiti wa Sweden waliliandika hilo mwaka 1997: wazee wasioweza kutembea na kuzungumza kwa pamoja ndio walioanguka zaidi miezi iliyofuata, kwa sababu kutembea kunawala akili yote. Nimemwambia mara mbili aende akapimwe. Kaniambia yeye hajateleza hata siku moja.

Kaka yangu ni kesi nyingine. Ana bakora nzuri ya mpingo, zawadi, imening'inia ukutani. Kuitumia anasema bado. Nilijaribu kumweleza habari ya kidole, kwamba bakora si mguu wa tatu wa kubeba mzigo, ni kidole kirefu cha kugusa ardhi, na hata ikigusa kwa wepesi inapeleka habari. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Dada, hicho kidole kirefu watu watakiona." Ana miaka 74 na anatembea akiwa amemshika bega mjukuu wake wa kiume, anadai anamfundisha njia.

Nyumbani hatukubadilisha mengi. Kandambili zilizolika soli tulizitupa. Mkeka wa korido tuliuondoa, na kizingiti cha uani kikapakwa rangi nyeupe kionekane. Miwani yangu ya lenzi mbili siivai tena kwenye ngazi, kwa sababu ukitazama chini unatazamia sehemu ya kusomea na ngazi inakuwa ukungu. Kitandani kuna tochi, na nikiamka nakaa kwanza, nacheza vidole vya miguu, nahesabu hadi thelathini. Kwenye daladala nimejifunza kumwambia konda kabla sijapanda, "Baba, nikikaa ndio uondoe gari." Wengine wanasubiri.

Bafuni ndiko tulikofanya kazi. Fundi bomba alikuja na kipande cha bomba la chuma la inchi moja, akakifunga ukutani kwa skrubu nne, palepale penye doa. Alitaka kukiweka juu zaidi kwa sababu ndivyo macho yake yalivyopendelea. Nikamwambia asipime kwa macho, apime kwa doa.

Mwezi wa Shaabani mwanangu aliniletea fundi rangi, kijana mpole, tupake nyumba kabla ya Ramadhani. Alipofika korido akaukuta ule mstari wa kijivu, umerudi lakini umefifia, na chini yake, usawa wa goti, alama mpya kabisa za viganja vidogo vyenye mafuta. Hizo ni za mjukuu wa mwisho, miezi 11, anayesimama dede akishika ukuta. Fundi akaguna, akasema atapiga mikono miwili ya rangi ya mafuta ili zifutike kwa kitambaa. Tukaafikiana. Alipomaliza kuta za bafu akaja kuniuliza jikoni, brashi mkononi: na hili bomba la chuma, bibi, tulipake liendane na ukuta?

Nikamwambia hilo aliache kama lilivyo. Rangi ya mafuta ikilowa inateleza.